Mhariri, hizo taa mlizowaelekeza vijana zitaungua zote

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa vijana mlioeleza namna ya kuweka taa za barabarani kwenye mji wa treni ya mezani, ile treni ndogo yenye reli zake, stesheni yake na vinyumba vyake. Kwanza hongera, maana ukurasa wa vijana kwenye magazeti yetu mara nyingi ni mpira na wasanii, sasa kuona gazeti linamwambia mtoto ashike waya na mbao mi nilifurahi kweli. Ila mlipofika kwenye umeme mmepotosha, na sio kidogo. Mmeandika mtoto achukue LED za tochi, aziunge zote kwenye waya mbili, alafu hizo waya azigusishe moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki, basi mji utawaka. Utawaka kweli, sekunde moja hivi, alafu taa zote zimekufa, na kama waya zimegusana huko chini ya meza kinachofuata kuwaka ni sponji la mlima Kilimanjaro alilolichonga mtoto wa watu.

Mi ni fundi redio na simu huku Moshi, na barazani kwangu kuna meza ya treni ambayo vijana wa mtaani wanaijenga shule zikifungwa. Kichwa na mabehewa na reli vililetwa na shemeji yangu anayeishi Ujerumani, vingine vyote ni vya hapa hapa, mabaki ya kazi, plaiwudi ya fenicha, vijiti, makopo. Kwahiyo naongea kitu ninachokishika kila siku na sio cha kusoma.

Nianze na ubaya wenyewe. LED sio globu. Globu ya zamani ina kawaya ndani na hako kawaya kenyewe kanaubana umeme, ukiipa volti zake inachukua kiasi chake inatulia. LED haina breki. Ile nyeupe inawaka vizuri kwenye volti 3 hivi, nyekundu na ya njano kwenye 2 hivi, ukizidisha hapo kidogo tu umeme unaopita unapanda kwa kasi mpaka taa inajiunguza yenyewe. Sasa betri ya pikipiki ni volti 12, na pikipiki ikiwa inanguruma inafika 14, unachukua kitu cha volti 3 unakipa 12 unategemea nini. Kinachowekwa hapo katikati ni rezista, kale kadude kadogo ka kuubana umeme, na kwenye maelezo yenu yote, nimerudia kusoma kuhakikisha, rezista haijatajwa popote.

Hesabu yake mtoto wa darasa la sita anaipiga. Toa volti za taa kwenye volti za betri, kinachobaki gawanya kwa umeme unaotaka upite. 12 toa 3 ni 9, ukitaka zipite miliampea 20, yani ampea 0.02, unagawa 9 kwa 0.02 unapata omu 450 (omu ndo kipimo cha rezista), dukani hakuna 450 unachukua 470. Hizo miliampea 20 ndo mwisho wa LED nyingi ndogo, na wengi wakifika hapo wanaona kazi imeisha, taa haiungui, mambo safi. Bado. Miliampea 20 kwa mji wa mezani ni mwanga wa kuchoma macho. Ukitaka zipite 5 hesabu inakupa omu 1800, ukitaka zipite 2 inakupa 4500, hapo unachukua ya 4700 na taa bado inawaka vizuri tu, tena LED za siku hizi hata kwenye miliampea 1 chumba kikiwa na giza unaiona bila shida.

Na hapa ndo penye hoja yangu hasa Mhariri. Rezista sio ya kulinda taa tu, rezista ndo inaamua mji wako ufanane na mji au ufanane na ukumbi wa harusi. Nimeona meza za watu kwenye video, mtu amehangaika na nyumba, ameweka mabati yenye kutu, ameweka kibanda cha chipsi mpaka na jiko lake, ameweka bodaboda, alafu akazima taa ya chumbani akawasha mji wake na kila kitu kikapotea. Kila nguzo ina nukta nyeupe kali juu, nguzo yenyewe huioni, kibanda hukioni, vivuli vya nyumba vimerushwa mpaka ukutani nyuma ya meza. Taa ya barabarani kazi yake ni kumwaga duara la mwanga chini kwenye lami, alafu giza kidogo, alafu duara lingine. Tembea usiku kutoka pale mnara wa saa kwenda stesheni uone, kuna mahali unaona mpaka kokoto na kuna mahali unapapasa kwa mguu, na ule mchanganyiko ndo usiku wenyewe. Taa zenu za tochi zikiwaka kwa nguvu zote, hakuna usiku hapo.

Kuna njia ya fundi ya kupata mwanga unaoutaka bila kubahatisha na sijui kwanini mwandishi wenu hakuiuliza kwa fundi yeyote wa mtaani. Chukua volyumu ya redio mbovu, ile ya kuzungusha, tuseme ya omu 10,000. Iunge mfululizo na LED yako, yani umeme upite kwenye volyumu ndo ufike kwenye taa, ila mbele yake weka kwanza rezista ya 470 ili hata mtu akiizungusha mpaka mwisho taa isife. Zima taa ya chumbani. Zungusha taratibu mpaka ule mwanga chini ya nguzo ukuridhishe, usiangalie taa, angalia lami. Ukiridhika chomoa umeme, pima kwa mita ile volyumu imesimama kwenye omu ngapi, jumlisha na ile 470, basi hio ndo rezista ya mji wako. Vijana wangu kila wakifanya hivi wanaishia kwenye namba kubwa kuliko walivyodhani, na wale waliokuwa wanabisha kwamba taa zitakuwa hafifu wakishaona behewa linapita kwenye yale maduara ya mwanga linaingia gizani linatoka, wananyamaza.

Angalizo la rangi za rezista kwasababu hapa watoto wanachanganya sana. Ya 470 ina mistari ya njano, zambarau, kahawia. Ya 4700 ni njano, zambarau, nyekundu. Yani tofauti ni mstari wa tatu tu, kahawia na nyekundu, na kwenye rezista za siku hizi zenye mwili wa bluu au zilizokaa kwenye droo zikapauka, na wewe uko barazani saa moja jioni, kahawia na nyekundu ni kitu kimoja. (Za bluu zenyewe mara nyingi zina mistari mitano, usizisome kwa hesabu hii.) Usiamini macho, weka mita. Mita za bei ya chini zipo kwa kila fundi na hakuna fundi atakaemnyima mtoto kupima rezista.

Sasa habari ya ukubwa. Mmewaambia watumie LED ya tochi, ile yenye kichwa cha mviringo, ambayo kipenyo chake ni milimita 5. Treni hizi nyingi zinazoletwa kutoka Ulaya ni za kipimo cha HO, yani kila kitu kimegawanywa kwa 87. Zidisha 5 kwa 87 unapata sentimita 43 na nusu, hilo ni beseni la kufulia juu ya nguzo. Hata ya milimita 3 inakupa sentimita 26. Mtu mzima kwenye kipimo hiki ana urefu wa milimita 20 hivi, sasa taa ikiwa robo ya mtu mji unaonekana wa katuni. Nguzo ya mita 8 inatoka sentimita 9 na kidogo, na wengi wanaikata mpaka 7 ili isiimeze nyumba, mi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni idadi. Nguzo za barabarani zikiachana mita 30, mezani ni sentimita 34 na nusu, kwahiyo barabara inayopita urefu wote wa plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 inabeba nguzo saba hivi. Nyie mmechora ishirini na kitu.

LED za kufaa zipo tena bure. Vile viswaswadu, yani visimu vya vitufe, vilivyokufa, fungua, chini ya vitufe kuna LED ndogo zilizokuwa zinawasha namba usiku, ukubwa wake mara nyingi ni kama milimita 1.6 kwa 0.8, ambayo kwa kipimo cha HO ni taa ya sentimita 14, hapo ndo tunaongea. Fundi simu ana bloa, anapuliza hewa ya moto sekunde chache inachomoka. Kujua upande wa chanya weka mita kwenye alama ya dayodi, gusisha ncha mbili, mita nyingi zitaiwasha kwa mbali, na ule upande ulioshikwa na waya mwekundu ndo chanya. Ikigoma geuza. Ukiiunga kinyume kwenye volti 12 bila kujua, LED hazipendi, nyingi zinavumilia volti 5 tu za kinyumenyume, kwahiyo pima kabla.

Nguzo je. Hapa naomba nichukue nafasi kidogo maana ndo sehemu tamu. Tafuta antena ya redio iliyovunjika, ile ya kuvuta. Kile kipande chembamba cha juu kabisa mara nyingi hakina tundu, achana nacho. Vinavyofuata ni vibomba vya shaba vilivyopakwa kromiamu, na kile cha unene wa milimita 2 au kuzidi kidogo ni nguzo tayari, milimita 2 mara 87 ni sentimita 17, ndo unene wa nguzo ya chuma ya kweli. Usikikate kwa koleo kitabanana tundu lizibe. Kilaze mezani, weka kona ya tupa ya pembe tatu juu yake, kizungushe huku unakandamiza kidogo mpaka mkato uzunguke, alafu kivunje kwa vidole. Kwenye kukunja ile shingo ya juu inayoenda barabarani, pitisha kwanza waya wa shaba mnene ndani, kunja taratibu kwenye kalamu, alafu vuta waya utoke, bila hivyo kinajikunja kama mrija wa soda na huwezi kukirudisha. Alafu piga msasa pale mwisho mpaka rangi ya shaba ionekane kwasababu risasi ya kulehemu haishiki kwenye kromiamu, utahangaika na moshi tu.

Waya wa ndani nenda kwa mafundi wa kusuka mota, waombe kipande cha ule waya mwembamba wenye vanishi, hata wa robo ya milimita unatosha na ukipata mwembamba zaidi ni vizuri zaidi. Huo unapita ndani ya nguzo unakuwa chanya, nguzo yenyewe inakuwa hasi, kwahiyo ndani unapitisha waya mmoja badala ya mbili. Ila vanishi yake ndo kinga yake, na mdomo wa kabomba ulichokata una makali, waya ukipita pale ukakwaruzwa umepiga shoti ndani ya nguzo ambako huoni. Ingiza sindano nene mdomoni uzungushe mpaka makali yaishe, juu na chini. Ncha za waya kwangua vanishi kwa wembe, paka risasi, ndo uiguse LED, na mkono uwe mwepesi kwasababu hiyo LED ukiikalia na moto inayeyuka. Ukimaliza pima tena kabla hujaisimamisha. Kichwa cha taa kata kwenye plastiki nyeusi ya chombo chochote, sio kopo la soda kwasababu lile linapitisha umeme, funika juu na pembeni, mwanga ubaki kwenda chini tu. Kama plastiki ni nyembamba na mwanga unapenya, paka rangi nyeusi ndani. Hii ya mwanga kupenya ndo inaharibu hata nyumba, unaweka taa ndani ya nyumba ya karatasi ngumu na ukuta wote unawaka, wakati ungepaka nyeusi ndani ungeona madirisha tu.

Rezista usiisukume kwenye nguzo, ikae chini ya meza, na kila taa iwe na yake. Najua mtu atasema aokoe, aweke moja kwa taa kumi. LED mbili hata zikitoka kiwanda kimoja volti zake hazilingani sawasawa, ikiwa zinachangia rezista moja ile ya volti ndogo inajichukulia umeme mwingi inawaka sana na nyingine inafifia. Unaweza kuziunga tatu mfululizo kwenye volti 12, nyeupe tatu zinakula 9, zinabaki 3, hiyo inakubalika na umeme unaokoa, ila moja ikifa zote tatu zimezima na kumtafuta mchawi ni kazi. Chini ya meza pitisha waya mbili nene, mwekundu na mweusi, toka mwisho mpaka mwisho, na kila nguzo idondoshe waya zake hapo. Ukifuata rangi tangu mwanzo hutakuja kuumiza kichwa mwakani meza ikiongezwa.

Tuje kwenye betri. Betri ya pikipiki ubaya wake haina huruma, ukipiga shoti inatoa ampea nyingi kwa mkupuo, waya mwembamba unakuwa mwekundu hapo hapo na uko kwenye mbao na sponji na gundi. Kama lazima utumie, fyuzi ya ampea 1 iwe pale pale kwenye kichwa cha betri na sio mbele huko. Ila kwanini uhangaike wakati kila nyumba ina chaja ya simu ya zamani? Inatoa volti 5. 5 toa 3 ni 2, kwa miliampea 2 unapata omu 1000 kamili, kahawia nyeusi nyekundu, rezista inayopatikana kuliko zote. Taa ishirini zinakula miliampea 40 na chaja ya ampea 1 inaweza kutoa 1000, haijui hata kama kuna mji umewekwa. Kata waya wa chaja, ndani kwa kawaida mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, wa kijani na mweupe funga tepu uachane nao, ila waya za mchina zina mambo yake kwahiyo pima. Vijana wakaniuliza na umeme ukikatika je, tuweke paua benki? Weka, ila ujue paua benki nyingi zikiona umeme unaochukuliwa ni mdogo zinadhani simu imejaa zinajizima, mji mzima giza kila baada ya dakika kadhaa, ambayo wengine huku wanasema ndo uhalisia wenyewe.

Na msije mkaandika siku yoyote, hata kwa utani, habari ya zile taa za krismasi zinazochomekwa ukutani zikakatwa kupata vipande. Nyingi zinatembea na volti 230 moja kwa moja bila transfoma, ukikata kipande ukakichomeka umemuua mtoto.

Kitu kingine mlichokosea, kidogo, ni kusema taa zichukue umeme kwenye reli zenyewe. Kwenye treni za kawaida za umeme wa DC, ile kontrola inaongeza na kupunguza volti ndo treni inaenda kasi au polepole, na ukitaka irudi nyuma inageuza chanya na hasi. Kwahiyo treni ikisimama stesheni taa za mji zinazima, ikikimbia zinawaka zaidi, ikirudi nyuma LED zote zinakataa. Taa ziwe na umeme wake.

Rangi ya mwanga mmeikwepa kabisa na kwangu mi hii ni kubwa kwasababu inaeleza mji wako ni wa lini. Zile taa za zamani za barabarani za rangi ya chungwa ni za sodiamu, mwanga wake uko kwenye kelvini 2000 hivi, kelvini ndo kipimo cha rangi ya mwanga. LED ya kiswaswadu mara nyingi ni nyeupe ya baridi inayoelekea bluu, 6000 na kuendelea. Kama mji wako ni wa siku hizi, sawa, barabara nyingi zimewekwa LED nyeupe na zile nguzo zenye paneli ya sola kichwani, tena paneli ni rahisi kutengeneza, kipande cha plastiki nyeusi ukichore mistari kwa wembe. Ila ukijenga Moshi ya miaka ya themanini ukaweka mwanga wa bluu umeharibu. Paka LED makapeni ya chungwa au rangi ya kucha inayopitisha mwanga, tabaka nyembamba, jaribu, ongeza.

Reli yetu hii ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga 1893, ikafika Moshi 1911, na kwenda Arusha ikafika 1929 Mwingereza keshashika nchi. Kuna kijana wangu mmoja anataka stesheni ya Kahe, pale njia inapochepuka kwenda Taveta hadi Voi, ya wakati wa vita ile ya kwanza. Nikamwambia basi hapo hakuna nguzo za umeme kabisa, weka taa mbili tatu za mafuta za kuning'inia, ziwe na mwanga wa njano mzito, rezista kubwa sana, na kwingine kote giza. Alinuna kidogo maana alitaka mji unaong'aa, sasa hivi ndo kona ambayo kila mtu anaikodolea macho. Wengine wanajenga ya sasa, kwasababu wengi wao treni ya abiria hawakuwahi kuiona hapa mpaka iliporudi Disemba 2019, na Arusha 2020, kwahiyo kwao treni sio habari ya babu, ni kitu kipya. Wajuzi wataniandikia kwamba reli za shemeji yangu ni pana, upana wake milimita 16.5 mara 87 ni milimita 1435, ambayo ni SGR, wakati yetu ya Tanga ni mita moja na ingetakiwa iwe 11.5. Najua. Mkinipa za 11.5 nitazipokea.

Ombi langu Mhariri, toeni masahihisho kwenye ukurasa ule ule na kwa herufi za ukubwa ule ule kabla shule hazijafungwa, maana hapo ndo watoto wataingia kazini, na betri za pikipiki za baba zao zipo. Mkitaka mchoro wa waya nitauchora kwa mkono niwaletee, sidai hela. Na kama nafasi ni finyu, kateni habari ya antena, kateni ya Kahe, kateni hata hii ya wajuzi, ila ile aya ya 12 toa 3 na ya krismasi msiziguse.

Wenu,
Fundi redio, Pasua, Moshi